Taa ya Bluu Bandani

Nilisikia kwamba taa nyekundu ya bandani, ile inayofanya kuku watage mapema, humkomaza hata mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Aliyeniambia ni shoga yangu, fundi cherehani. Nikacheka, lakini neno likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Binti yangu wa mwisho ndiye anayelisha kuku wetu, na sketi yake ya shule ilishapanda juu ya magoti.

Nikamwambia baba watoto aing'oe taa ile.

"Wewe na fundi wako!" akasema. Lakini kelele zangu anazijua. Akaenda dukani, akarudi na taa ya bluu. "Muuzaji kasema hii inatuliza kuku. Angekuwa na ya kutuliza wake, ningebeba katoni."

Banda letu ni stoo ya zamani, halina dirisha. Asubuhi tukaingia sote watatu. Kuku kimya, wamejikunyata, na vilemba vyao vilivyokuwa vyekundu jana sasa vyeusi tii.

"Kideri!" akapiga kelele mume wangu, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima. Akanyakua tetea aliyekuwa karibu, akatoka mbio kutafuta kisu amuwahi kabla hajafa.

Nikamgeukia binti yangu. Midomo yake nayo myeusi!

Sijui nilimbebaje, msichana mrefu vile. Nilijikuta uani, ndala mguu mmoja, nalia, "Mwanangu kaambukizwa na kuku!"

"Mama, nishushe! Majirani wanatuona!"

"Nyamaza, usimalize pumzi!"

Nikamlaza juani nimtazame kabla ya kukimbilia zahanati. Midomo ni ile ile ya siku zote, imevimba kwa hasira tu. Akainuka, akaingia bandani, akatoka na kuku kwapani. Kilemba chekundu kama pilipili.

"Ni taa, mama. Hata wewe mle ndani midomo yako ilikuwa myeusi. Niliogopa kukwambia."

Baba yake alikuwa amesimama na kisu, na tetea keshachinjwa. Akaanza kunyonyoa.

Akina mama wenzangu, epukeni haya:

Kubadilisha taa ya banda bila kumuuliza daktari wa mifugo.

Kumkagua kuku, au mtoto, chini ya taa ya rangi. Mtoe nje kwanza.

Kuchinja kabla ya kuangalia vizuri.

Kumbeba msichana wa darasa la saba mbele ya majirani. Wangu mpaka leo ananijibu kwa mkato.