Ushuhuda wa Moyo wa Driciru

Siku mdogo wangu Driciru aliposimama mbele ya umati wa Arua akasema moyo wake umepona, mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, jirani na jenereta. Nilikuwa nimekuja kumsindikiza tu. Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na matanga, nauza dagaa katika soko la Koboko, na sina subira na wachungaji wenye suti zinazong'aa. Lakini Driciru alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Kila mwezi alichomwa sindano nzito ya tako iliyomfanya achechemee siku mbili, na mtu aliyechoshwa na sindano humsikiliza yeyote atakayemwambia basi.

Pasta Kambale alitoka upande wa Kongo miaka mingi iliyopita, akajenga kanisa lake Arua kutoka turubai hadi matofali. Alimwekea Driciru mkono kichwani, akaomba, akakemea, na mdogo wangu akakimbia kuuzunguka uwanja. Nilimwona kwa macho yangu, siwezi kusema hakukimbia. Wakamrekodi, na ushuhuda wake ukawa unapigwa redioni kila Jumapili asubuhi, hata wateja wangu wakawa wananitania, "Candiru, leo tumesikia mdogo yako tena." Yeye alirudi nyumbani akatupa vidonge vyake chooni. Sindano hakwenda tena.

Mwaka uliofuata kanisa likaanzisha Mfuko wa Kubebana. Kila nyumba inatoa kidogo kila mwezi; mtu akilazwa, yeye analipa robo ya gharama na mfuko unalipa zilizobaki. Sina neno baya juu ya jambo hilo. Wanawake wamezaa kwa upasuaji kwa fedha hizo, na mzee mmoja wa Midia aliungwa mguu wake akarudi shambani. Nilisema mwenyewe, angalau Pasta ametengeneza kitu kinacholiwa. Sharti la kuogopesha lilikuwa moja: ugonjwa ulioingia nao haulipiwi. Kwa hiyo siku ya kujiandikisha Patricia, katibu wa mfuko, mwanamke mpole aliyewahi kufanya kazi ya bima Kampala, alimwuliza kila mtu kama ana ugonjwa wowote wa zamani.

Driciru alisita. Pasta alikuwa amesimama papo hapo, anacheka na watu.

"Mama, usikiri kitu Mungu amekwisha kuondoa," akamwambia. "Ukisema uko nayo, unaiita irudilie."

Driciru akajibu kwamba hana. Angesema nini kingine? Kusema anao kungekuwa kumwita Mungu mwongo mbele ya Pasta mwenyewe, na redio ilikwisha kuwatangazia watu wote kwamba amepona.

Alianza kuvimba miguu msimu wa kupanda karanga. Alikuwa anafundisha watoto wa chekechea huko Lobule, akawa anaketi darasani anaimba nao akiwa kwenye kiti, halafu akawa haimbi. Usiku alilala ameegemea ukuta, kwa maana akijinyoosha anakosa hewa. Nilimbeba hadi hospitali moja ya Arua, na daktari akatuonyesha katika skrini valvu ya moyo wake inayopaswa kufunga na kufungua, jinsi ilivyochakaa hadi haifungi. Akasema sindano zile za kila mwezi ndizo zilizokuwa zinailinda. Sasa lazima apelekwe Kampala, wampasue, waweke nyingine ya chuma, bila kuchelewa. Nikauliza gharama. Hata ningeuza dagaa wote wa Ziwa Albert nisingeifikia.

Nikaenda ofisini kwa mfuko, nyuma ya kanisa. Patricia aliisoma barua ya daktari mara mbili, na huruma aliyokuwa nayo usoni ilinitia baridi kabla hajafungua mdomo.

"Dada Candiru, daktari anasema ugonjwa hii ni ya tangu utoto. Na yeye alituambia hana kitu. Pole sana, lakini kanuni iko vile."

"Ita Pasta," nikasema.

Pasta akaja, akakaa, akanisalimia vizuri. Nami nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka Koboko.

"Pasta, Mungu aliponya Driciru ama hapana?"

"Aliponya, mama. Watu yote iko najua."

"Basi ugonjwa ya zamani iliisha. Hii ni mpya. Lipa."

Akaivuta barua ya daktari kwake.

"Na kama hii ni ile ya zamani, basi hakupona. Toa sauti yake kwa redio leo leo. Chagua moja. Mimi nakaa hapa nangoja."

Patricia aliinamisha kichwa juu ya karatasi zake. Nadhani alikuwa anaficha kicheko. Nilijiona wakili, nisiseme uongo. Nilifurahi kumwona Pasta akitafuta leso. Nilifikiri nimembana asitoke. Akasema nirudi kesho yake.

Kesho yake alikuwa amekwisha kupata njia.

"Mungu hapana kosea, mama," akasema taratibu. "Aliponya, kabisa. Lakini mutu anaweza kurudisha ugonjwa yeye mwenyewe, na mashaka yake. Driciru asimame Jumapili, aambie kanisa vile alifanya. Halafu mfuko italipa, sisi tutasema ni huruma."

"Alifanya nini?"

"Yeye mwenyewe iko najua."

Nilitamani kumrushia kiti. Nikasema asante, Pasta, Mungu akubariki, nikatoka.

Hospitalini Driciru alikuwa ameegemezwa kwenye mito, midomo imebadilika rangi. Mimi na yeye huongea Kiswahili cha kambini, kile baba yetu alichorudi nacho kutoka jeshini, kwa kuwa ndicho tulichokulia. Nikamweleza.

"Dada, mimi hapana kuwa na mashaka hata siku moja," akasema.

"Najua. Sema ulikuwa nayo."

"Nitasema uongo mbele ya madhabahu?"

"Sema ulikuwa naficha vidonge chini ya godoro. Sema ulikuwa nakwenda kuchomwa sindano kwa siri."

"Lakini mimi hapana kwenda."

"Ungekwenda," nikamwambia, "leo hatungekuwa hapa."

Alinitazama kana kwamba nimempiga. Lakini nilikuwa na hasira na kila mtu, naye alikuwa mmoja wao, na zaidi ya yote niliogopa. Nilimfundisha maneno hayo jioni ile na asubuhi yake, nikimkatiza kila alipotaka kuyalainisha. Mimi nilitaka fedha itoke, basi. Uongo wenyewe niliuona kitu cha kutupa baada ya kutumika, mfano wa gazeti la kufungia dagaa.

Jumapili tulimpeleka kanisani na kiti cha magurudumu cha hospitali. Akasema yote. Akasema Mungu alimponya na yeye hakumwamini, kwamba alimeza vidonge kwa siri akiogopa, ndipo ugonjwa ukarudi. Alilia sana, na kilio kile hakikuwa cha kufundishwa. Watu wakalia naye, wanawake wakaja kumfuta machozi, na Pasta akamkumbatia akasema kanisa limemsamehe. Walirekodi pia. Mfuko ukalipa sehemu yake, na mimi kwa ile robo nikauza kiwanja nilichoachiwa na mume wangu. Kabla hatujaondoka Patricia alinivuta kando, akaniambia kwa upole wake ule ule kwamba kuanzia sasa moyo wa Driciru unajulikana. Kitu chochote cha moyo kikitokea tena, mfuko hautalipa, hata kwa huruma.

Kampala walimpasua, akaishi. Lazima niseme hilo, maana nilimshukuru Mungu kwa magoti, Mungu yeyote aliyekuwa karibu. Alirudi Koboko na kovu refu kifuani na moyo unaogonga kama saa ya ukutani, tena akiwa kimya unausikia. Madaktari walimpa vidonge vya kuzuia damu isigande kwenye ile valvu ya chuma. Kila siku, hadi kufa kwake. Akiviacha, damu itaganda, donge litapanda kichwani, na hapo hakuna wa kumwokoa.

Nilimhamishia nyumbani kwangu. Siku moja nikitandika kitanda chake nikakuta vidonge vya wiki nzima vimefungwa katika kitambaa, havijaguswa. Nikamwuliza, wewe unataka kufa?

"Dada, hukumbuki nilisema nini kanisani?"

"Ile ilikuwa uongo. Mimi nilikufundisha."

"Mimi nimefikiri sana kule Kampala," akasema. Alikuwa mtulivu, na utulivu ule ndio ulionivunja nguvu. "Siku ile nilitupa vidonge, paketi moja ilibaki kwa kabati. Niliona, nikaacha. Kwa nini niliacha, kama niliamini? Ni ile, dada. Mimi nilirudisha ugonjwa. Sitarudia tena."

Nilimpigia kelele. Nilimweleza habari ya sindano, ya valvu, ya donge la damu. Nilimwambia Pasta alimwuzia uongo na mimi nikamwuzia mwingine, na kwamba wa kulaumiwa yuko, lakini si yeye. Alinisikiliza kwa heshima zote, halafu akasema ananiombea. Huwezi kubishana na mtu anayekuombea.

Basi nikaanza kumsagia kidonge kwenye uji. Kila asubuhi namkorogea uji wa mtama na ndimu kali, ili uchungu usisikike. Damu yake lazima ipimwe mara kwa mara, na hilo analikubali kwa sababu nilimwambia kwamba Patricia anataka majibu kwa ajili ya mafaili ya mfuko. Alinenepa kidogo. Akarudi kufundisha. Kila siku ilipopita aliniambia, "Unaona? Sijameza kitu, na niko mzima." Nami nilisema ninaona.

Jambo hilo lingeweza kuendelea hadi uzee wetu. Lakini Pasta akasikia. Mwanamke mwenye chuma moyoni, anayeishi bila dawa! Akaja Koboko mwenyewe, akampangia safari: Aru, Ariwara, hadi Mahagi huko Kongo, wiki tatu za mikutano, na Driciru ndiye atakayeshuhudia kila jioni. Wiki tatu bila uji wangu. Nikimwambia Driciru ukweli, hatagusa tena chakula kinachotoka mikononi mwangu. Nikimwambia Pasta, atamwambia Driciru, au atanyamaza akaenda naye hivyo hivyo. Sijui lipi lilinitisha zaidi.

Nikamfuata Pasta, nikajipendekeza. Nikasema nataka kwenda na kundi lake kuwapikia.

"Ni vizuri, mama," akajibu. "Lakini kundi yetu inabeba watu wa kuokoka tu. Na wewe, samahani, tunajua vile iko."

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye tawi la kanisa lao, hapa Koboko, nikakaa mbele. Pasta alipowaita wanaotaka kuokoka, nikasimama. Wateja wangu walikuwepo, wakageuka kuniangalia, Candiru mwenye mdomo. Pasta aliniwekea mkono kichwani, kisha akanipa kipaza sauti, na kijana wao wa redio akasogea na mashine yake.

"Mama, ambia watu. Nini ilibadilisha moyo yako?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, lakini jibu lilikuwa moja tu na kila mtu alikuwa analingoja. Driciru alikuwa amesimama kando yangu, amenishika kiwiko, machozi ya furaha yanamtiririka.

Nikasema nilikuwa mpinzani. Nikasema nimekaa nyumba moja na mdogo wangu, nikampikia, nikamfulia, na nimeona kwa macho yangu kwamba hajameza kidonge hata kimoja, na yuko hai. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Katika safu ya tatu mwanamke mmoja wa Ludara, ninayemfahamu sana kwa sababu ana presha na huja sokoni kwangu akitoka kuchukua dawa, aliinuka polepole akanyoosha mikono juu, amefumba macho, anatikisa kichwa akikubali kila neno langu.

Nilimwona vizuri. Nikaendelea kusema, kwa sababu gari la Aru linaondoka Jumatatu.