Kiti Kisicho na Mgongo

Mkurugenzi alipangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia, kisha akaikagua leso kana kwamba uchafu wa studio nzima umehamia humo. Kilikuwa kiti kirefu kisicho na mgongo. Yeye aliyezoea kiti cha ngozi kinachozunguka, hapo alikaa kama gunia lililosahauliwa mlangoni mwa ghala.

"Kwa hiyo hii ndiyo ofisi yako," alisema, macho yakipanda na kushuka ukutani. "Uliacha kiyoyozi kwa ajili ya hii."

Mpiga picha alijitia kukaza skrubu. Ujana wake aliumalizia katika kampuni ya bima ya bwana huyu, mahali ambapo watu wazima waliitana kikaoni kujadili kikao kijacho, na mwenye wazo jipya alikwepwa kama mwenye upele. Alipoaga, wenzake walimkatia keki, wakamcheka kabla makombo hayajakauka: ati mtu na shahada yake anakwenda kupiga picha za vitambulisho. Hawakukosea sana. Na asubuhi hii mkewe, akinyoosha pazia la nyuma kwa pasi, alimkumbusha kwamba kampuni ikiridhika na picha hii ya Mkurugenzi, wakuu wote wa matawi watafuata. Isiporidhika, chumba wanakirudisha kwa mwenye nyumba, naye akapige magoti alikotoka.

"Meza kiburi, baba," alimwambia. "Hakina mfupa."

Lakini taa zilipowaka, mpiga picha aligundua kwamba aliyeketi mbele ya kamera hana cheo. Akamwambia Mkurugenzi ainue kidevu; kikainuka. Ageuke kushoto, akageuka. Aingize tumbo, nalo, maskini, likajitahidi. Mpiga picha akanogewa. Akamwacha chini ya taa kali huku akifuta lenzi iliyokwisha kutakata, kama yeye alivyokuwa akisimamishwa kando ya meza pana ya Mkurugenzi, mkubwa huyo akichokonoa meno. Kisha, bila kufikiri, akapiga vidole, ta, ta, kama anayeita mbwa.

"Huku. Nitazame mimi."

Mkewe, aliyeshika ubao mweupe wa kurudisha mwanga, aligeuka akamwangalia kama mgeni aliyekosea mlango.

Picha zilipotokea kwenye kompyuta, Mkurugenzi alizipita zote, akasimama kwenye ya mwisho.

"Hii. Hapa nimetoka. Itatundikwa ukumbini."

Mpiga picha aliinama. Suti ilikuwa imekaa, kidevu kiko juu. Ila mdomo ulikuwa umenyanyuka upande mmoja ukaganda hapo, ukisubiri kuambiwa umekosea. Macho hayakuwa na habari na tabasamu hilo. Tabasamu lile alilijua kwa ndani, hata msuli unaotangulia kuuma aliujua. Ofisi nzima ingelitambua. Walilivaa kila asubuhi pamoja na tai. Wangecheka mpaka mbavu ziwaume, na mteja kachagua mwenyewe, nani angemlaumu fundi? Kilichobaki ni kuitikia tu.

Alitaka kucheka. Kicheko kilifika kooni kikawa kichungu, maana aliyelipandikiza tabasamu lile safari hii hakuwa Mkurugenzi, alikuwa yeye.

"Kaa tena, mkuu," alisema. "Hiyo si yako."

"Ni ya nani?"

Mpiga picha alizima taa moja, kisha nyingine, akasogeza pazia la dirisha. Mwanga wa kawaida wa mchana ukaingia, usio na haraka. Mkurugenzi alikuwa amerudi kitini, bado anangoja jibu, mabega yameshuka, amesahau kujipanga. Kamera ilikuwa mezani, na bado hakuna aliyeigusa.