Ng'ombe wa Orrin Peaslee

Daktari Wendell Crane, mstaafu wa kung'oa meno, alikuwa na mapenzi mawili duniani: mkewe Doreen, na marehemu Orrin Peaslee, mchoraji wa mandhari ambaye katika jimbo zima la Vermont hakuna mwingine aliyemjali. Doreen mwenyewe alikuwa akisema kwamba katika mbio hizo yeye ni wa pili, tena kwa mbali.

Zamani hizo Peaslee alizunguka mashamba ya maziwa, akila hapa na kulala pale, na kila nyumba aliiachia picha. Zote zilikuwa za kilima kilekile chini ya wingu lilelile. Wendell alizisaka minadani na katika vyumba vya chini vilivyonuka viazi, na moja aliikuta imeziba dirisha la banda la kuku.

"Kilima kimoja, wingu moja," Doreen alisema siku picha nyingine ilipopanda ukutani. "Huyu baba hakuwa na shingo ya kugeuka akatazama upande wa pili?"

"Huo ndio uaminifu, Doreen. Mtu ametazama kitu kimoja maisha yake yote."

"Kama wewe. Maskini mimi."

Kilichomkera Wendell ni ng'ombe. Katika kila picha, katikati kabisa ya malisho, alisimama ng'ombe mmoja mkubwa kupita kiasi, amekukodolea macho. Wendell aliwajua wakulima wa kwao: shamba lisilo na ng'ombe ni aibu, sawa na kwenda kanisani bila suruali. Akaamini kwamba walimsubiri mchoraji aondoke, kisha wakamwita fundi wa kuandika vibao awachoree ng'ombe juu yake. Basi kila picha iliyoingia kwake aliilaza kwenye kile kiti chake cha zamani cha wagonjwa, akawasha taa, akachukua pamba, dawa na vyuma vyake vya meno, akamng'oa ng'ombe. Walitoka kwa taabu. Ajabu ni kwamba kilima ndicho kilichobanduka upesi, ikabidi akiguse kwa adabu.

Sasa chuo cha jirani kilikuwa kimekubali kuzitundika picha hizo ukumbini. Baada ya miaka yote ya kuchekwa, watu wangesimama mbele ya Peaslee na kunyamaza. Hilo tu ndilo Wendell alilolitaka kabla hajafa. Ilibaki picha moja, iliyokuwa kwa Bi. Alma Hoyt kule mlimani, na matope ya Aprili hayakumzuia kuifuata.

"Kung'uta viatu, daktari," Bi. Alma alimwambia mlangoni. "Si wewe uliyening'oa jino zima ukaniachia bovu?"

"Nilikuwa kijana, mama."

"Na mimi nilikuwa na meno."

Hata hivyo alimkatia pai ya tufaha na kipande cha jibini. Picha ilining'inia juu ya jiko la kuni. Wendell akaanza maneno yake matamu: ataichukua, ataisafisha, atamtoa yule ng'ombe ili kilima kipumue.

Bi. Alma aliacha kutafuna. "Umtoe Duchess?"

"Aliongezwa baadaye, mama. Na mtu asiyejua kazi."

"Aliongezwa na Orrin. Mimi ndiye niliyemshikia kamba pale uani asitikisike. Nilikuwa kitoto hivi."

Akashika mkongojo, akamwongoza hadi stoo nyuma ya jikoni, akafunua gunia. Chini yake kulikuwa na rundo la vilima. Kilima kilekile, wingu lilelile, malisho matupu. Wendell nusura apige magoti kwa furaha. Huyu hapa Peaslee safi, ambaye hakuna mkono uliomharibu.

"Alifia hapa na mzigo wake," Bi. Alma alisema. "Hizo bado."

"Bado nini?"

"Bado ng'ombe. Vilima alikuwa akiviagiza kiwandani Boston, vimeshapakwa rangi tayari. Orrin hakuweza kuchora mti hata umshikie bunduki. Anakuja na kilima, wewe unamletea ng'ombe wako."

Wendell alirudi jikoni akaitazama ile picha, na safari hii alimtazama ng'ombe. Duchess alikuwa mzee kidogo, sikio moja limechanika, na macho yake yalikuwa ya mnyama anayejua kwamba atauzwa na hana kinyongo na mtu. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu kwamba Peaslee ni mchoraji mkubwa, na kumbe ilikuwa kweli.

"Wenzake wako kwako, wanasema," Bi. Alma alisema, sauti imelainika. "Yule mweusi wa kina Pratt, na yule wa kina Stoddard mwenye pembe moja. Nasikia wajukuu wote wa familia hizo watakuja chuoni kuwatazama."

"Niliwafuta, mama," Wendell alisema.

"Yupi?"

"Wote."

Bi. Alma alichukua mkongojo wake, akazunguka meza polepole, akaenda kusimama mbele ya jiko, kati ya daktari na Duchess.