Kidole Gumba cha Nikiforos

Siku Nikiforos aliposikia kwamba fundi Vlasios, mchoraji, amefikia ukuta wa magharibi, alifunga maji ya kinu chake cha kusaga akashika njia ya kanisani mbio mbio. Ukuta ule ndio wa picha ya Jehanamu, na makanisa yetu haya ya milima ya Krete hayakosi msaga unga motoni, uchi wa mnyama, jiwe la kusagia limening'inia shingoni. Na msaga unga kijijini alikuwa mmoja tu, yeye. Akichorwa pale, watamcheka hadi wajukuu wa wajukuu.

Basi kwa siku tatu alisimama chini ya jukwaa la fundi, jibini la kumhonga mkononi, kuilinda sura yake.

"Fundi, unamchora nani hapo?"

"Mwenye dhambi."

"Yupi?"

"Bwana, sogea, unaniziba mwanga. Hapo hapo! Tulia."

Akatulia, akidhani adabu itamwokoa.

Siku ya tatu jukwaa likaondolewa. Katikati ya moto alikuwa yeye mtupu: masharubu yake, kipara chake, hata chunjua ya shavuni.

"Umeniua, fundi! Nimekukosea nini?"

"Hata jina lako silijui," Vlasios alisema, akiosha brashi. "Ningempa sura yoyote tu. Lakini umenisimamia siku tatu na uso wa mtu anayeungua. Ningempata wapi mwingine?"

"Futa!"

"Rangi imeshanywewa na chokaa, na chokaa imekauka. Labda ulete nyundo tubomoe ukuta."

Jumapili watu walicheka mpaka padri akakohoa. Nikiforos alijibanza nyuma ya mlango. Ndipo Anezina, mjane mwenye ulimi mkali, akasogea kumkagua yule wa ukutani, aliyeshika kibaba cha unga.

"Siye," akasema.

Nikiforos nusura ambusu mkono.

"Siye kabisa! Huyu kidole gumba kiko nje ya kibaba. Wetu hukitia ndani, unga upungue."

Kanisa zima likaangua kicheko. Nikiforos aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kumbe miaka yote walijua!

Jumatatu foleni kinuni ilikuwa ndefu, macho yote mkononi mwake. Akapima, vidole vyote nje, unga ukajaa mpaka ukamwagika. Anezina alipokea mfuko wake, akaupandisha na kuushusha kukadiria uzito, akatabasamu.

"Hongera, Nikiforos," akasema. "Sasa ndiyo mmefanana."