Barua Aliyoichapa Tabita

Mimi ni mkali, sifichi. Miaka kumi na tisa nafundisha uhazili hapa Mpemba, jirani na mpaka wa Zambia, na hakuna binti aliyepita mikononi mwangu bila kulia. Nawafunika mikono kwa kitambaa ili wachape bila kuangalia herufi, na anayechungulia nampiga rula ya vidole. Lakini somo langu kubwa si kuchapa. Ni siri ya ofisi. Nalirudia kila asubuhi: ulichokichapa hukukiona, ulichokisikia ofisini hukukisikia, hata mama yako mzazi akikuuliza, hujui. Mhazili mwenye mdomo, kwangu mimi, si mtu.

Tabita alilishika somo hilo kuliko wenzake wote. Ametoka Galula, kwa wazazi wakulima, na alipofika hakuwahi kugusa kompyuta. Jamani, nilimtania binti yule! Tukifanya mazoezi ya kupokea simu, namwigiza lafudhi yake ya kwao mbele ya darasa mpaka wenzake wanashika mbavu. Hakunijibu hata siku moja. Wenzake wakienda kula mchana, yeye anabaki anachapa. Ulipofika mwaka wa pili, hakukuwa na wa kumkaribia.

Chuoni kwetu mwanafunzi anayeongoza hukaa ofisini kwa mkuu muhula wa mwisho, akichapa barua zote za chuo. Kwa hiyo Tabita akawa anachapa kwa mkuu wetu, Bwana Yonathani. Mkuu anataja maneno, yeye anachapa.

Mwezi wa sita akaja Mama Aida, mwenye kampuni ya kutoa mizigo pale mpakani. Alitaka mhazili mmoja wa kuajiri. Si wa kujaribu, wa kuajiri! Akazunguka darasani akiwatazama wasichana wakichapa, akaandika kitu kwenye kijitabu chake, kisha akamwomba mkuu amletee wawili, pamoja na barua ya kusema yupi anafaa zaidi.

Kazi ile kwa Tabita ndiyo ilikuwa pona yake. Kwao alishapatikana mwanamume wa kumwoa, mchimba dhahabu mwenye watoto wanaolingana na Tabita umri. Baba yake alishamwambia: ukimaliza chuo huna kazi, unarudi unaolewa. Aliniambia mwenyewe.

Wa pili, mkuu akamchagua Judith, mtoto wa dada yake. Judith anachapa kama kuku anayedonoa mahindi.

Asubuhi niliyotumwa kuwapeleka kwa Mama Aida, Tabita akanifuata chumba cha walimu, macho mekundu.

"Shikamoo, madam. Naomba kuuliza. Mtu akichapishwa barua inayomsema yeye mwenyewe, tena kwa uongo, afanyeje?"

Nilielewa palepale. Yonathani alikuwa amemkalisha akamtajia maneno ya kummaliza, na binti akayachapa. Mtu gani huyu, Mungu wangu! Ilinipasa kwenda kuigonga meza yake. Lakini mkataba wangu ulikuwa unasubiri sahihi yake mwezi uleule. Na niseme kweli, nilikasirika pia kwamba Tabita amethubutu kuuliza.

"Nimekufundisha nini mimi?"

"Ulichokichapa hukukiona."

"Haya. Funga bahasha, tuondoke."

"Sawa, madam," akasema, akaifunga.

Tukapanda bajaji watatu hadi mpakani. Mama Aida alikuwa kwenye simu, anamfokea dereva wa Zambia kwa Kibemba. Alipomaliza akafungua barua, akaisoma kimya, kisha akairudia kwa sauti mahali pamoja: "Tabita Samwel hatuwezi kumpendekeza, kwa kuwa ana tabia ya kuvujisha siri za ofisi." Judith akainamia viatu vyake.

"Binti, umevujisha siri gani?"

"Hakuna, mama."

"Sasa mkuu wako aandike hivi kwa nini?"

Sababu Tabita aliijua vizuri. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa amekaa palepale, vidole mezani, mkuu alipompigia dada yake simu akamwahidi kwamba nafasi ni ya Judith. Lakini hayo ni mambo ya ofisi. Akiyasema, barua inakuwa kweli.

"Sijui, mama," akasema, na machozi yakaanza kumtoka.

Mama Aida akanigeukia. "Mwalimu, wewe umekaa naye miaka miwili. Unasemaje?"

Tabita akaniangalia. Mtoto yule aliniangalia kwa imani kabisa, na mpaka leo naona aibu.

"Barua ya mkuu ndiyo kauli ya chuo," nikasema.

Mama Aida akawaambia wasichana watupishe. Mlango ulipofungwa akanisogezea kijitabu chake. Kilikuwa na jina moja tu, la Tabita, ameliandika siku ile alipokuja chuoni.

"Barua hii siiamini," akasema. "Mtu wa kuvujisha siri angeshajitetea hapa kwa maneno mia. Nilitaka mmoja tu amsemee, basi. Wewe hutaki, sawa, una yako. Ila mwambie hivi: kama ana la kusema, arudi peke yake. Nipo hapa mpaka saa kumi. Nikiona kimya, namchukua huyo mwingine."

Nikaitikia, nikatoka. Nilijua Tabita akirudi mle atasema, na akisema, Yonathani atajua ni mimi niliyemruhusu. Niliogopa. Mimi mkali wa Mpemba, niliogopa kama mtoto.

Judith alikuwa tayari kwenye bajaji, amekaa mbele na dereva, anacheka na simu. Tabita alikuwa nyuma, amejifuta uso, ameniwekea nafasi.

"Madam, kaa huku. Upande ule jua linachoma."

Nikakaa.

"Mama amesema kitu chochote juu yangu?"

"Hapana," nikamjibu. "Hajasema kitu."

"Sawa, madam. Asante kwa kunisindikiza."

Dereva akageuza bajaji, tukarudi Mpemba. Ilikuwa saa sita na nusu mchana.