Tarehe Aliyohama Ardith

Fomu ya kodi ya jimbo haina haya hata kidogo. Inakuuliza ulihama lini, ulihamia wapi, na siku ile unafunga mlango ulikuwa na nia ya kurudi au hukuwa nayo. Orville Kubicek, fundi matrekta mstaafu, alilisoma swali hilo mara tatu pale maktaba ya mtaa, Tucson, mji wa jangwani, kisha akavua miwani akaanza kuifuta, na miwani yenyewe ilikuwa safi.

"Tuanze na wewe, mzee," alisema Bi Consuelo, mwalimu wa zamani aliyejitolea kujazia watu kodi kila Jumamosi. "Jimbo la Nebraska ulitoka lini?"

"Sita Julai."

"Ulikuwa na nia ya kurudi?"

"Hapana. Mimi nilijua sirudi."

"Na Mama muandikie hivyo hivyo," akadakia Janelle, binti wa Orville, aliyetoka Denver kuja kumsaidia. "Walihama pamoja."

"Usiandike," Orville akasema. "Mke wangu hakuhama. Muandikie Nebraska, mwaka mzima."

"Baba, usianze! Ameishi huku miezi mitatu, akafia huku. Nyumba mliuza Agosti. Sasa huko Nebraska alikuwa akiishi wapi, barabarani?"

"Hakujua kama imeuzwa."

Janelle aliacha kupanga karatasi. Orville akaona sasa hana pa kujificha, akasema yote. Daktari alitaka Ardith apelekwe penye hewa kavu, mapafu yalikuwa yamechoka. Ardith akagoma katakata kuacha nyumba yake. Basi akamwambia wanakwenda kwa muda tu, majira ya baridi yakipita na theluji ikiyeyuka wanarudi. Karatasi ya kumruhusu Orville auze nyumba aliichomeka katikati ya karatasi za hospitali, na mkewe akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu ni mumewe aliyempa. Looh! Miaka hamsini na mbili ya ndoa, na mzee mzima anamfanyia mkewe ujanja wa tapeli wa sokoni. Yeye mwenyewe alijua hivyo, wala hakujitetea.

"Leseni ya udereva ya Nebraska hakukubali kuibadilisha," akasema. "Kura hakukubali kujiandikisha huku. Alimwambia kila mtu, mimi hapa mgeni. Amekufa akijua anarudi kwake, Janelle. Nimemnyang'anya kila kitu, lakini hilo nilimwachia. Msiniandikie kwamba alihama."

Hilo ndilo lililomlaza usingizi majira yote ya baridi. Hakuwa na jingine.

Janelle alikuwa ameweka kiganja mdomoni. "Baba," akasema, "Mama alinipigia simu tarehe tisa Oktoba. Wewe ulikuwa umekwenda kuchukua dawa. Akaniambia nimpigie Vernon jirani, afunge maji, ayatoe yote kwenye mabomba kabla hayajaganda yakayapasua."

"Ukamwambiaje?"

"Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka! Nikamwambia, Mama wewe, nyumba si mmeshauza tangu Agosti? Dawa hizo zinakuvuruga kichwa."

Orville aliiweka miwani mezani.

"Mama akanyamaza kidogo," Janelle akaendelea, machozi yakimtoka. "Halafu akasema, ee kweli, nimesahau mie. Akaniuliza watoto wamekula nini."

Ardith alifariki tarehe kumi na mbili. Orville alizihesabu zile siku tatu, moja baada ya nyingine. Jioni ya kwanza Ardith aliomba mkoba wake, akatoa leseni, akampa: iweke na karatasi zako. Yeye akadhani mgonjwa anapunguza vitu tu. Siku ya pili Orville alimsimulia namna watakavyopaka rangi baraza wakirudi, nyeupe au kijani, achague. Ardith akamtazama muda mrefu, akasema nyeupe. Alijua. Alilala pale akisikiliza anavyodanganywa, akachagua rangi ili mumewe asiumbuke.

"Mzee wangu," Bi Consuelo akasema kwa upole, "nikiandika mwaka mzima, sahihi ni yako. Na hapa chini unaapa kwamba ni kweli."

"Nipe kalamu."

Akainama, akaandika polepole kwenye nafasi ya mkewe: 9 Oktoba.

"Baba, siku hiyo Mama hakwenda popote," Janelle akasema. "Hata kitandani hakutoka."

"Wanauliza lini aliacha nia ya kurudi. Ndiyo siku hiyo."

Kisha akatia sahihi mara mbili, mara ya kwanza kwa jina lake, mara ya pili kwa niaba ya Ardith, kama alivyofanya siku ya kuuza nyumba.