Rangi ya Lango

Nchi inayouza asetoni, kemikali ya kuyeyushia rangi, ilituuliza sisi wakaguzi wa kemikali kabla ya kupakia mapipa: huyu mnunuzi anatengeneza rangi kweli, au anawapelekea wapishi wa dawa za kulevya? Kazi ya kwenda kukagua na kujibu ni yangu. Na mnunuzi ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

Lango la kiwanda lilikuwa jekundu, linang'aa, rangi bado mbichi. Likanichafua kiganja.

"Shemeji, wewe piga muhuri tu. Haya si mambo ya nyumbani?"

"Nyumbani ni kwa mama mkwe. Fungua."

Ndani, mitambo yote ilikuwa kimya.

"Umeme umekatika," akasema, feni ikizunguka juu ya kichwa chake.

Sakafu haikuwa na hata tone la rangi. Nilipotoa simu kuzuia mzigo, akafoka.

"Unanitilia mchanga kitumbua changu! Nitamwambia kaka!"

"Kaka yako amenioa, hajaniajiri."

Nikausukuma mlango wa stoo. Nyuma yake palikuwa na brashi iliyolowa wekundu, na kopo la rangi lenye nembo ya kiwanda kingine, bei ya dukani bado imebandikwa.

"Mtengeneza rangi," nikamwambia, "hata ya lango lako umenunua?"